Bagamoyo, Pangani au Kilwa? Naombeni ushauri, nataka kupeleka familia

Baba_Wawili:
Wakuu, habari za jioni. Nina likizo ya kazini inakuja na nimeshaahidi nyumbani kwamba safari hii hatukai Dar. Nataka mji wa pwani wenye historia, watoto wakaone magofu kwa macho yao, na bahari iwepo. Nimebaki na majina matatu: Bagamoyo, Pangani na Kilwa. Malazi natakiwa kuyalipia kabla ya wiki hii kuisha, kwa hiyo mwenye uzoefu aniambie wapi panafaa zaidi. Asanteni.

Kivukoni_77:
Mkuu, umeuliza nusu swali. Likizo ni mwezi gani? Mko wangapi, na watoto wa umri gani? Mna gari au ni basi? Mnakaa siku ngapi? Bagamoyo ni kama kilomita 70 kutoka Dar, unaenda na kurudi jua halijazama. Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Pangani unazungukia Tanga, halafu unashuka tena kama kilomita 50. Hizo ni safari tatu tofauti kabisa. Jaza maelezo ndipo usaidiwe.

BintiKaskazi:
Mimi hata kabla ya maelezo nasema Bagamoyo. Watu wa Dar wanaidharau kwa sababu iko jirani, wanaenda kula samaki na kurudi. Anza na Kaole asubuhi, kusini kidogo mwa mji. Kuna magofu ya misikiti, mmoja unahesabiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Waonyeshe watoto vile vishimo vya duara kwenye nguzo: humo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Mtoto akitia kidole pale anaelewa biashara ya Bahari ya Hindi kuliko kwa somo la wiki nzima.

Kisha Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ina makumbusho nzuri na kivuli cha kutosha. Pale kuna mbuyu uliomeza mnyororo, kinachoonekana ni kipande kidogo tu kinachochungulia kwenye gome. Wanangu waliuzunguka mara kadhaa wakitafuta upande wa pili. Na mnara wa kanisa ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ngome Kongwe, Karavanserai (kituo cha zamani cha misafara) na Boma la Wajerumani yote yako mjini, hutumii mafuta mengi.

MzeeMkonge:
Bagamoyo nzuri, sikatai, lakini aliyeomba ushauri anataka mji. Pangani bado ni mji wa zamani unaoishi zamani yake: mto mpana unaingia baharini, minazi, nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga, na mashamba ya mkonge ukiwa njiani. Hapo ndipo vita ya Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani ilipoanzia mwaka 1888, na hapo ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Vuka kwa pantoni hadi Bweni, nenda Ushongo, utapata ufukwe mrefu mweupe usio na kelele. Ukitoka Tanga unapita Tongoni, kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, na siku nyingi utakuwa peke yako na mlinzi. Ukiwa na nguvu, malizia mapango ya Amboni upande wa kaskazini wa Tanga. Eneo lote hilo ni utajiri na watu wanalipita wakikimbilia Lushoto.

MwlWaZamu:
Kama lengo ni magofu, hakuna mjadala: Kilwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Msikiti Mkuu una safu za nguzo na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukisimama katikati unaona watu wale walikuwa wajenzi wa kweli. Husuni Kubwa lilikuwa jumba la sultani, lina birika la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe. Mtoto wa Kitanzania akimaliza shule bila kuyaona haya, sisi watu wazima tumemnyima kitu.

Usiishie kisiwani. Nenda Kilwa Kivinje, ukaone mji wa Wajerumani na Waarabu unaoporomoka polepole, na mahali pa Mwembe Kinyonga walipouawa wapiganaji wa Maji Maji.

Kivukoni_77:
Mwenye uzi hajajibu hata swali moja. Masika yakiwa hayajaisha, Kilwa ni hatari. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, watu wakalala njiani. Mwezi ni muhimu!

Baba_Wawili:
Samahani wakuu, kazi zilinibana. Ni Juni, watoto wakiwa likizo. Watoto ni wawili, miaka 9 na 13. Tupo na mke wangu, na mama yangu mzazi naye anakuja, ana miaka 71. Magoti yanamsumbua lakini safari anaipenda sana, na yeye ndiye aliyesema pwani. Usiku tatu au nne.

BintiKaskazi:
Mama wa miaka 71 mwenye magoti ndiyo habari ya kwanza uliyopaswa kuitoa, kaka. Hapo Bagamoyo imeshinda.

Nahodha_Mstaafu:
Salaam. Juni ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Mvua zimepungua, hewa nzuri, ila bahari ya nje inachafuka, hasa mchana upepo ukishika kasi. Kuvuka kutoka Masoko hadi Kisiwani ni karibu na kumekingika, si tatizo kubwa. Songo Mnara ni habari nyingine, ni mbali zaidi. Kwa mzee shida si mawimbi peke yake, ni kupanda na kushuka chomboni. Maji yakikupwa unaweza kushukia majini na kutembea kwenye mchanga na mawe. Panga uvuke maji yakiwa yamejaa vya kutosha, na urudi kabla hayajakauka. Muulize nahodha saa za maji kabla ya kumuuliza bei. Na usikilize taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, za upepo na mawimbi, zinatolewa kila siku.

Mama_Rehani:
Namuunga mkono Nahodha kutokana na yaliyotukuta sisi Pangani. Nisome vizuri, Baba Wawili, maana una watoto.

Tulitaka kwenda kisiwa cha Maziwe. Kile si kisiwa cha miti, ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, na maji yakijaa sana linafunikwa lote. Maana yake ni kwamba saa ya kuondoka ndiyo safari yenyewe. Kijana aliyetuuzia safari alituambia tuwe ufukweni saa mbili asubuhi. Tulifika. Boti haipo. Saa tatu ikaja, lakini nahodha akasema anasubiri wageni wengine wawili ili gharama ya mafuta itoke. Mume wangu akauliza maji yanaanza kujaa saa ngapi, akajibiwa "bado sana". Tukaondoka jua limeshakuwa kali. Majaketi okozi yalikuwa manne, sisi tulikuwa tisa. Yakavalishwa watoto, na moja kamba zake zilikuwa zimekatika, likafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Tulipofika, mchanga uliobaki ulitosha kuweka kapu la chakula na kusimama. Watoto waliingia majini kidogo, wakaona samaki, wakafurahi. Haukupita muda maji yakaanza kugusa kapu. Tukarudi botini haraka. Upepo ulikuwa umeshachachamaa, na katikati ya safari mashine ikazima. Ilizima, ikawashwa, ikazima tena. Boti ikageukia ubavu kwa mawimbi, maji yakawa yanaingia, tunayachota kwa dumu lililokatwa. Binti yangu mdogo alinishika shingoni hakusema neno mpaka nchi kavu. Mafuta yalikuwa na maji ndani, ndivyo tulivyoambiwa baadaye na mvuvi aliyetuvuta. Yule kijana hakurudisha hata shilingi, na simu yake haikupatikana tena.

Maziwe ni pazuri mno, naomba nieleweke. Lakini ukague boti kwa macho yako jioni ya siku iliyotangulia, uhesabu majaketi mwenyewe, na ulipe mkisharudi.

MzeeMkonge:
Pole sana dada. Ila msiihukumu Pangani yote kwa boti moja. Bibi anaweza kukaa Ushongo chini ya kivuli na wala asipande chombo chochote zaidi ya pantoni.

Na mimi nina neno kuhusu Bagamoyo. Kila mgeni anaonyeshwa Livingstone, Livingstone. Mwili wake ulibebwa kutoka Chitambo, leo ni Zambia, na kina Chuma na Susi, kwa miguu, miezi mingi. Hao ndio mashujaa wa safari ile. Halafu Bushiri, aliyepigana kwenye pwani hiihii, watoto wetu wanamjua kwa mistari miwili.

MwlWaZamu:
Nakubaliana kuhusu Chuma na Susi. Bushiri lakini tumfundishe kwa ukamilifu. Alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa, na wenzake wengi walipigania pia biashara zao. Alipinga kampuni ya Wajerumani, ndiyo, lakini tusimgeuze malaika.

MzeeMkonge:
Hakuna aliyesema malaika, mwalimu. Kampuni ilikuja na bendera yake ikataka kukusanya ushuru kwenye miji ya watu. Pangani hadi Saadani kwa Bwana Heri walikataa. Kukataa huko kuna thamani yake hata kama aliyekataa ana dhambi zake.

MwlWaZamu:
Na waliokuwa wakilima hiyo miwa, wao walikuwa upande gani? Hilo ndilo swali ninalowaulizaga wanafunzi wangu, na Pangani ni mahali pazuri pa kuliuliza. Sibishani na wewe kwa hilo.

Mlamu_Asilia:
Hamjambo jamaa wa Tanzania. Mbona hakuna aliyeitaja Lamu, huku kwetu Kenya? Mji wa kale wa Lamu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, na watu wanaishi ndani yake, wanaswali, wanapika, wanasoma madrasa. Magari hayapiti vichochoroni, ni punda na miguu. Ngome iko pale pale sokoni. Mtu akitaka magofu anavuka Manda kuona Takwa. Hakuna mji mwingine unaoonyesha Uswahili ulio hai kama huu.

Kivukoni_77:
Lamu naipenda, nilifika na nitarudi. Ila mtu ana bibi wa magoti na usiku tatu. Kutoka Dar hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha boti, usiku mbili zinaishia barabarani.

Mlamu_Asilia:
Kuna ndege, Kivukoni. Na mzee anaketi barazani, watu wanamjia wenyewe kumsalimia. Hajahitaji kutembea.

Baba_Wawili:
Nashukuru wote, nasoma kila neno. Mama nimemsomea ya Mama Rehani akasema yeye boti hapandi. Lakini mtoto wa 13 amesoma ya birika la pembe nane na sasa anaitaka Kilwa tu. Mke wangu anasema Bagamoyo usiku mbili, halafu Saadani usiku mmoja waone wanyama karibu na bahari. Je, kutoka Bagamoyo kwenda Saadani gari dogo linapita?

BintiKaskazi:
Kwa hiyo una gari. Gari gani? Kivukoni aliuliza habari ya gari tangu mwanzo.

Nahodha_Mstaafu:
Kwa kijana wa 13: baba yake avuke naye Kisiwani, bibi na mdogo wabaki Masoko kwenye upepo wa jioni. Tiketi na kibali vinapatikana palepale Masoko kabla ya kuvuka. Si lazima wote mfanye kila kitu pamoja.

MwlWaZamu:
Hapo Nahodha amesema vizuri. Na kisiwani msikimbilie Gereza, ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu mkarudi. Husuni Kubwa kuna mwendo, anzeni nayo mapema kabla ya jua.

TangaRaha_2:
Jamani naingilia kidogo. Mwenye taarifa za barabara ya Tanga–Pangani kwa wiki hii? Niliambiwa kuna vipande bado wanajenga. Naondoka Ijumaa na gari la chini.

MzeeMkonge:
Nitapita huko Jumatano, nitakuandikia. Gari gani hilo, na unalala Pangani mjini au unavuka?