Tupeane uzoefu: siku ya kupumzika kwenye mazoezi unaitumiaje?

Habari za jioni wakuu. Hapa Dar alfajiri Coco Beach na Daraja la Tanzanite kumejaa watu wa mbio, na gym za mtaani vyuma havipoi. Nafurahi sana. Kinachoniuma ni vijana wanaoamini ukikaa siku moja bila zoezi umezembea. Zoezi zito huchana nyuzi za misuli kidogo kidogo. Kuziunga na kuziongezea nguvu hufanyika baadaye, ukila na kulala, na huchukua saa 24 hadi 48, wakati mwingine zaidi. Kesho yake ukiukamia msuli uleule, unabomoa kabla fundi hajamaliza. Mimi leo miguu, kesho kifua, Ijumaa sigusi kitu. Wenzangu mnafanyaje?

*Mdau, Mbagala:* Mimi mbeba mizigo Kariakoo. Jioni nilikuwa napitia gym kila siku. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, chakula hakipandi, vyuma nilivyovizoea vikanigomea. Kocha akaniuliza swali moja tu: "Mchana umebeba nini?" Magunia ya mchele, kaka! Akanihamishia vyuma kwenye siku ambazo mzigo hauingii. Sasa hivi niko vizuri mno. Kazi ya mwili nayo ihesabiwe jamani.

*Dada wa Kimara:* Jumamosi nakimbia na klabu yetu, Jumapili natembea taratibu tu na wanangu. Asubuhi kabla sijatoka kitandani naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, nahesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa juu ya kawaida yangu siku kadhaa mfululizo, mbio nasitisha.

*Mdau, Tabata:* Kwangu usingizi. Nikilala chini ya saa saba siendi gym, basi.

*Nesi, Temeke:* Maumivu ya siku mbili tatu ni kawaida, msiogope. Ila misuli ikivimba, ikauma kupita kiasi na mkojo ukawa kama chai ya rangi, wahi hospitali siku hiyohiyo. Msuli ulioharibika humwaga protini kwenye damu, na ikizidi inaumiza figo. Usimeze dawa ya maumivu kama diclofenac ukajilalia, nayo inazidi kuzielemea figo hizohizo.

*Mleta mada:* Asante sana dada nesi, hilo la mkojo nalipeleka kwenye grupu letu la jogging usiku huuhuu. Kaka wa Mbagala, siku za magunia mchana unakula nini? Kuna mdogo wangu yuko sokoni Ilala, anashindia chai na chapati halafu jioni anakimbilia vyuma.