Notari wa kutembea Marekani, kusainisha mikopo ya nyumba: tupeane uzoefu, inalipa kweli?

Mleta mada, Houston

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Texas mwaka wa nne sasa, usiku napakia mizigo ghalani. Mwezi wa pili nilipata muhuri wangu wa unotari na nikaanza kuzunguka kusainisha watu hati za mikopo ya nyumba. Nimefungua uzi huu kwa sababu video za mtandaoni zinaahidi maelfu ya dola kila mwezi, na mimi nataka kusikia kwa watu wetu waliokanyaga hizo barabara.

Kwa wasioijua kazi: mtu akinunua nyumba kwa mkopo, au akibadilisha mkopo wa zamani kwa mpya wenye riba nafuu, kunatoka furushi la karatasi, kurasa mia hadi mia mbili. Kampuni ya hatimiliki, ile inayohakiki umiliki wa nyumba na kusimamia makaratasi, inatafuta notari. Unaziprinti seti mbili, unakwenda nyumbani kwa mkopaji, unahakiki kitambulisho, unamwonyesha pa kusaini, unagonga muhuri panapotakiwa, kisha unawahi ofisi ya vifurushi, FedEx au UPS, kabla hawajafunga.

Kilichonila pesa mwanzoni ni printa. Lazima iwe ya leza yenye trei mbili, maana ndani ya furushi moja kuna karatasi fupi na ndefu. Ile dhamana ya dola 10,000 inayodaiwa hapa Texas isiwatishe, hulipi elfu kumi, unanunua bondi kwa ada ndogo. Ongeza bima ya makosa, daftari la kuandikia kila usainishaji, mafunzo, na ule ukaguzi wa historia yako ambao kampuni nyingi hawakupi kazi bila kuuona.

Sasa kosa langu. Ijumaa kabla ya Memorial Day (sikukuu ya serikali, huwa Jumatatu) nilikwenda Katy kwa mama mmoja na mumewe, walikuwa wanabadilisha mkopo wa nyumba wanayoishi. Mkopo wa namna hiyo sheria inampa mkopaji siku tatu za kazi aweze kughairi. Kwenye fomu ya kughairi sehemu ya tarehe ya mwisho ilikuwa wazi, nikaijaza mimi. Katika hesabu hiyo Jumamosi inahesabiwa, Jumapili haihesabiwi, na sikukuu ya serikali haihesabiwi. Mimi nikaihesabu Jumatatu. Nikaandika Jumanne badala ya Jumatano.

Jumanne asubuhi nimetoka zamu, hata viatu sijavua, simu inaita. Fomu irudiwe, siku tatu zianze upya, na huyo mume alikuwa anasubiri mkopo mpya ukamilike. Nilirudi Katy kwa mafuta yangu. Malipo yalikuwa dola 85 kwa safari zote mbili, na yaliingia baada ya siku 45. Yule mama alinikaribisha maji, hakusema neno baya, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Nauliza: kuna anayeishi kwa kazi hii peke yake?

Mkazi wa Dallas

Mkuu, niliishi kwayo. Nasema niliishi.

Nilianza 2020. Riba zilikuwa zimeanguka, Januari 2021 wastani wa mkopo wa miaka 30 ulifika asilimia 2.65. Kila mwenye nyumba alikuwa anabadilisha mkopo. Nilikuwa nasainisha nyumba nne, tano kwa siku, nakula ndani ya gari, printa inaunguruma mpaka saa sita usiku. Niliacha kazi ya lori.

Halafu 2022 riba zikapanda, na kufikia Oktoba zilikuwa zimepita asilimia 7. Nani mwenye mkopo wa asilimia 3 atauacha achukue wa 7? Simu ilinyamaza. Notari wa majimbo mengine walipata afueni kwa watu waliokopa juu ya thamani ya nyumba zao bila kugusa mkopo wa kwanza, lakini sisi Texas mlango huo umefungwa kwa katiba ya jimbo: mkopo huo husainiwa ofisini tu, kwa mkopeshaji, kwa wakili au kwenye kampuni ya hatimiliki. Sebuleni kwa mteja hairuhusiwi. Mgeni akikupigia kazi ya namna hiyo akutume nyumbani kwa mtu, ikatae.

Nimerudi kwenye lori. Lakini muhuri sijauacha, na ninachokwambia ni hiki: zile kampuni za kati zinakula katikati. Kampuni ya hatimiliki inalipa, dalali anakata chake, wewe unabakiwa na 80 au 90. Chukua kazi zao mpaka mkono uzoee, huku unapita ofisi za hatimiliki za mtaani kwako mwenyewe, na nguo safi, na kadi. Mimi nilipita ofisi nyingi. Mbili zikaniita. Hizo mbili ndizo zinazonilipa mpaka leo, dola 150 kwa furushi.

Mama Mapacha, Columbus

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi mikopo ni sehemu ndogo. Nafanya kazi nyumba ya wazee, na muhuri wangu unatembea zaidi hospitalini: mgonjwa anataka kumpa mwanawe mamlaka ya kusimamia mali, au mzee anataka kuuza kiwanja Mbeya na lazima amwidhinishe mdogo wake kwa maandishi. (Karatasi ya kwenda Tanzania haiishii kwangu, inapanda jimboni, Washington, halafu ubalozini. Mwambieni mteja mapema, msimwache aitume ikiwa na muhuri wako tu.)

Ila nataka nizungumzie jambo linaloninyima usingizi. Kwetu notari ni wakili. Tanzania ukiona kibao cha mthibitishaji, ndani yupo mwanasheria. Ndugu zetu wa Kongo ndiyo zaidi, notari kwao ni mtu mzito wa serikali. Hapa Ohio notari wa kawaida ni mtu aliyefanya mafunzo na mtihani akapewa muhuri. Ukimpa mtu ushauri wa sheria umevunja sheria.

Nilikwenda kwa baba mmoja mtu wa Uvira, ananunua nyumba ya kwanza maishani. Mezani wameweka kitambaa cheupe, wameita na mchungaji. Tumefika hati ya ahadi ya kulipa, akaweka kalamu chini akaniambia, "Mama, weye unasoma Kiingereza na unasema Kiswahili. Niambie kweli, hii riba itapanda ao haitapanda?"

Jibu nilikuwa naliona pale pale kwenye karatasi. Nilichofanya nilimwonyesha kwa kidole mstari ulipoandikwa, nikamwambia mkopeshaji wako ndiye anayepaswa kukueleza, tumpigie sasa. Alipokea mara ya tatu. Tulikaa dakika arobaini tunasubiri maelezo, binti yake akimtafsiria, kwa malipo yale yale. Sikumtafsiria mimi, maana neno moja nikikosea kwenye deni la miaka 30 atalibeba yeye. Lakini sikumwacha asaini gizani pia. Mwenye haraka na kazi hii asiende kwa watu wetu.

Mdau, Los Angeles

Kwa faida ya walio California: mtihani upo, alama za vidole za kwako zipo, na daftari ni lazima. Hati ya nyumba mteja anaweka na dole gumba daftarini. Mimi nilisahau wino mara moja nikarudi maili 30. Sasa vibao viwili vya wino vinakaa kwenye gari.

Mdau, Atlanta

Kabla hujalipa ada ya mafunzo, uliza jimbo lako. Georgia mambo ya mikopo yako mikononi mwa mawakili. Nilinunua printa kwanza, nikauliza baadaye.

Msomaji, Minneapolis

Naomba kuuliza, lazima uwe raia?

Mkazi wa Dallas

Uraia si sharti. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1984, na kesi ilitoka hapa hapa Texas: mkazi halali alinyimwa unotari kwa kuwa si raia, akashinda. Kibali cha ukaaji kila jimbo lina utaratibu wake, angalia la kwako. Na andika maili zako tangu siku ya kwanza. Kwa 2025 mamlaka ya kodi iliruhusu kupunguza senti 70 kwenye mapato yanayotozwa kodi kwa kila maili ya kazi. Kwa kazi hii ya barabarani, bila hilo daftari la maili unalipa kodi ya pesa ambayo gari limeshakula.

Mleta mada, Houston

Nawashukuru sana. Mama Mapacha, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Wiki hii nimepita ofisi tatu za hatimiliki. Mbili zimechukua kadi, ya tatu dada wa mapokezi ameniuliza kama naongea Kiswahili, wana wateja wa Kongo wanaonunua nyumba.

Leo saa kumi na mbili na nusu jioni nina mtu Pearland. Seti mbili zimeprintiwa, nimebandika vibandiko kila pa kusaini, na kalenda ya sikukuu nimeigundisha ndani ya mfuniko wa mkoba. Nikitoka nitaleta mrejesho.