Magoli 76 ya Selänne ni ya Nani?

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili suala la rekodi za Winnipeg Jets, timu ya hoki ya barafuni ya mji wa Winnipeg, Kanada, kwa sababu naamini watu wa mji ule wamenyimwa haki yao kwa muda mrefu mno.

Jets ya kwanza ilianza kucheza mwaka 1972 katika ligi ya WHA, iliyokuwa ikishindana na NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na nyota Bobby Hull aliposajiliwa umati ulifurika kwenye makutano ya barabara za Portage na Main kumwona akikabidhiwa hundi ya dola milioni 1. Timu ilitwaa Kombe la Avco, yaani ubingwa wa WHA, mara tatu, ikaingia NHL mwaka 1979, kisha mwaka 1996 ikahamishiwa Phoenix, jimboni Arizona, na kuitwa Coyotes. Mwaka 2011 timu nyingine ya NHL, Atlanta Thrashers, ilihamia Winnipeg na kupewa jina la Jets, lakini vitabu vya ligi huihesabu Jets ya leo tangu Thrashers ilipoanza kucheza mwaka 1999, na rekodi za NHL za Jets ya kwanza zilikwenda na Coyotes.

Wapo wanaotetea utaratibu huo kwa hoja kwamba historia humfuata mmiliki na wachezaji, nao humtaja mchezaji Shane Doan, aliyeanza Winnipeg mwaka 1995 na kumalizia Arizona mwaka 2017. Doan ni kiungo cha kweli, sikatai. Hata hivyo, mwaka 2024 wachezaji wa Coyotes walipopelekwa Utah, NHL iliitambua Utah kuwa timu mpya kabisa, na rekodi zikabaki Arizona, ambako sasa hakuna timu ya ligi hiyo. Hazikuwafuata wachezaji hata kidogo.

Itazameni tarehe 2 Machi 1993. Teemu Selänne wa Jets alifunga goli lake la 54 akivunja rekodi ya Mike Bossy ya magoli ya mchezaji wa msimu wa kwanza, akarusha glavu yake juu, akaielekezea gongo kama mwindaji anayelenga ndege, na uwanja wa Winnipeg ukalipuka kwa shangwe. Alimaliza msimu na magoli 76, na mpaka leo hakuna mgeni wa ligi aliyefikia idadi hiyo. Wakati huo Phoenix haikuwa hata na timu ya NHL.

Njia ya kurekebisha ipo. Mwaka huohuo wa 1996, timu ya Cleveland Browns ya futiboli ya Marekani ilipohamishiwa Baltimore, jina na rekodi viliachwa Cleveland; na mwaka 2014 timu ya mji wa Charlotte ilirudishiwa rekodi zake za mpira wa kikapu za miaka ya 1988 hadi 2002 kutoka timu ya New Orleans. Rekodi za Thrashers nazo, kwa kipimo hichohicho, ziwe za Atlanta.

Anayetaka magoli ya Selänne yabaki Arizona, naomba atueleze yanahifadhiwa huko kwa ajili ya nani.