packed, memcpy au shift: ipi kwa kusoma GPS ndani ya struct?

bafa_kamili: Wakuu, nafunga uamuzi kabla programu haijaingia kwenye bodi zote. Moduli ya GPS ya u-blox inatuma NAV-PVT (ujumbe wa mahali, kasi na saa) kwa UART (mawasiliano ya serial), nami naisoma kwa poinita ya struct (fungu la vigezo) juu ya bafa. Nibaki hapo, niweke `packed` (struct isiyo na nafasi tupu), nitumie memcpy (kunakili baiti), au niunganishe baiti kwa shift (kusukuma biti)?

chuma0: Prosesa gani? Kompaila ipi, -O (kiwango cha kuboresha msimbo) ngapi? Struct inaanzia wapi ndani ya bafa?

bafa_kamili: Chipu ya STM32F0 sasa, F4 baadaye. GCC. `uint8_t bafa[100]`, struct inaanzia `bafa+6`.

chuma0: Hiyo 6 ndiyo inayoumiza. Ndani ya data, lon (longitudo) iko baiti ya 24 na lat (latitudo) ya 28, zote zinagawanyika kwa 4. Lakini kichwa cha fremu (B5 62, klasi, ID, urefu) kinakula baiti 6, kwa hiyo lon inaangukia 30. F0 ni Cortex-M0: neno la biti 32 kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4 ni HardFault (kosa linalosimamisha programu) papo hapo. Na safu ya uint8_t haina ahadi ya kuanzia kwenye 4. Ongeza kigezo kimoja tu, inaweza kuhama.

F4 ni hatari zaidi kwa sababu inakuacha upite. LDR ya kawaida (amri ya kusoma neno moja) inasoma anwani kama hiyo bila shida. Ukiwasha -O2, kompaila inaweza kuunganisha usomaji wa lon na lat kuwa LDRD moja (amri ya kusoma maneno mawili kwa mpigo), na LDRD haivumilii. Programu iliyopita majaribio ya -O0 inakufa kwenye toleo la mwisho. Ikitokea, soma UFSR (rejista ya makosa), biti ya UNALIGNED.

fundi_waya: Weka `__attribute__((packed))`, umalize. Kompaila yenyewe itasoma baiti moja moja kwenye M0.

mnyororo: Hajamaliza. Akiandika `int32_t *p = &pvt->lon;`, p haijui tena habari za packed. GCC 9 na kuendelea inatoa onyo, asilizime. Tena kuvisha bafa poinita ya struct kunavunja kanuni ya aliasing (kutosoma kumbukumbu moja kwa aina mbili tofauti). Fanya hivi:

`_Static_assert(sizeof(nav_pvt_t) == 92, "ukubwa");`
`memcpy(&pvt, bafa + 6, sizeof pvt);`

fundi_waya: Unanakili bure, unapoteza muda.

mnyororo: Kwa kasi ya 9600 (biti kwa sekunde) fremu ya baiti 100 inachukua milisekunde 104 kufika. Muda gani huo unaoulinda?

baiti_nzito: Shift ndiyo inayofanya kazi kwenye prosesa yoyote. Kihisi cha vumbi cha PMS5003 kinatuma baiti ya juu kwanza; packed na memcpy zote zitakupa namba iliyogeuka. Ila andika `(uint32_t)b[3] << 24`. Bila hiyo cast (kugeuza aina), b[3] inakuwa int na unasukuma biti hadi kwenye biti ya alama ya hasi.

mnyororo: Ameuliza GPS, si vumbi.

chuma0: Vyovyote, kagua urefu na checksum (jumla ya kuhakiki) kwanza. u-blox 7 inatuma NAV-PVT ya baiti 84, si 92.

bafa_kamili: Ninazo moduli za 7 pia. Struct mbili, au moja yenye mkia mtupu?