Naomba ushauri: kufuatilia maisha ya baba wa babu yangu, Mamba (Marangu)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Natafuta historia ya baba mzazi wa babu yangu, aliyeishi Mamba, jirani na Marangu, tangu enzi za Mjerumani. Wazee wa ukoo wanasema alibatizwa utotoni na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, wale waliofika Machame mwaka 1893 kisha wakafungua kituo Mamba. Alipokua alilima kahawa, baadaye akawa karani wa ushirika. Nadhani ni baada ya KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kuanzishwa mwaka 1933.

Nilicho nacho mkononi ni stakabadhi moja ya kahawa. Mchwa wamekula pembeni, tarehe imekatika; jina lake la ubatizo linasomeka kwa wino wa bluu, la ukoo halisomeki. Usharikani walinipokea vizuri sana. Daftari la zamani la ubatizo lipo, ila ni mwandiko wa Kijerumani wa kale, na majina ya Kichaga yameandikwa jinsi mmisionari alivyoyasikia. Wazee waliomjua wamebaki wachache, na hilo linaninyima usingizi.

Naomba kujua: kumbukumbu za zamani za vyama vya msingi vya kahawa nianzie kuzitafuta wapi, Moshi mjini au Nyaraka za Taifa Dar? Na je, kuna anayemfahamu mtu wa kusoma mwandiko ule? Mchungaji ameniruhusu kupiga picha kurasa, hivyo naweza kuzituma. Gharama tutaelewana.

Natanguliza shukrani.