Bendi ikibadilisha mwimbaji, nyimbo nazo zibadilike? Tuijadili Heaven and Hell ya Black Sabbath

Mpiga Solo, Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Sisi ni vijana wanne tunaopiga muziki wa roki hapa Kigoma, jambo ambalo majirani wa Mwanga, tunakofanyia mazoezi, hawajalizoea hadi leo. Mwezi uliopita mwimbaji wetu alihamia Dar es Salaam kikazi, na aliyechukua nafasi yake ana sauti ya juu, yenye nguvu, ambayo haikai kabisa katika nyimbo tulizomtungia mwenzake. Akiziimba beti zile, anakuwa kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima.

Ndipo nikairudia Heaven and Hell, albamu ambayo Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, waliitoa mwaka 1980, baada ya kumwondoa mwimbaji wao Ozzy Osbourne mwaka 1979 na kumchukua Ronnie James Dio, aliyekuwa ametoka bendi ya Rainbow. Sahani yake niliachiwa na mjomba, na jalada nimelifunika kwa karatasi ya kaki, kwa kuwa malaika wanaovuta sigara huku wakicheza karata si jambo rahisi kumweleza mama mwenye nyumba. Naomba wanaoifahamu wanieleze walibadilisha nini hasa katika utunzi hata sauti ngeni ikakaa kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo.

Mpiga Besi, Gungu

Ndugu yangu, jibu liko katika uhusiano wa sauti na gitaa. Katika nyimbo nyingi za enzi za Ozzy, sauti hufuata njia ileile ya gitaa. Sikiliza Iron Man ya mwaka 1970, utamsikia Ozzy akipanda na kushuka pamoja na gitaa la Tony Iommi. Dio hakuimba hivyo. Yeye alihitaji gitaa limtandikie msingi mpana, kisha apite juu yake kwa njia yake mwenyewe, na hilo lilimfanya Iommi atunge kwa namna nyingine.

Chukua wimbo uliobeba jina la albamu. Gitaa linaufungua kwa uzito na bila haraka, lakini beti inapoanza linakaa pembeni, na besi ya Geezer Butler inabaki ikitembea kwa mapigo mafupi yanayolingana, ikishikiliwa na ngoma za Bill Ward, huku juu ya hayo mawili pakiwa na nafasi tupu ambayo Dio anaijaza apendavyo. Nilikaa na kipande kile usiku mmoja, umeme ukakatika nikaendelea bila amplifaya, nikagundua kwamba ugumu wake hauko katika noti, ambazo ni chache, bali katika kujizuia usiongeze nyingine. Nawe, pamoja na heshima zote, ni mpiga solo, na wapiga solo hamjui kunyamaza.

Maneno nayo yalibadilisha mikono. Zamani mashairi mengi yaliandikwa na Butler. Katika albamu hii yameandikwa na Dio. Mtu anayeimba maneno yake mwenyewe anajua atavuta pumzi wapi, kwa hiyo mpeni kijana wenu kalamu.

Mzee wa Isevya, Tabora

Vijana wangu, sisi tuliokulia katika muziki wa dansi jambo hili tuliliona mapema. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alipoondoka bendi ya Mlimani Park mwaka 1985 pamoja na wenzake kwenda Orchestra Safari Sound, Sikinde, yaani mtindo wa Mlimani Park, haikupanda gari naye. Ilibaki ilipokuwa, na huko alikokwenda ukashika mtindo wa Ndekule. Tulibishana sana vibarazani, lakini hakuna aliyesema Gurumo amevaa kanzu ya kuazima.

Kwa Black Sabbath, kilichobaki ni mkono wa Iommi. Alipokuwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwandani huko Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akajitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa na vipande vya ngozi. Mguso wa namna hiyo hauondoki na mwimbaji, na mimi nasema bendi ni ileile.

Msomaji, Kibirizi

Nayaheshimu maneno ya mzee, ila siyakubali yote. Ward aliiacha ziara mwezi Agosti 1980, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Tena mwaka 2006, Iommi, Butler, Dio na Vinny Appice, mpiga ngoma aliyechukua nafasi ya Ward, walipokutana upya, walijiita Heaven & Hell. Kama ingekuwa bendi ileile, jina jingine lilikuwa la nini? Mimi naihesabu kuwa bendi ya pili, tena iliyo bora kuliko ile ya kwanza katika miaka yake ya mwisho.

Mpiga Solo, Ujiji

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Jana jioni tuliondoa gitaa katika beti ya kwanza ya wimbo mmoja, tukamwacha kijana na besi na ngoma. Akabadilisha mstari mzima bila kuomba ruhusa, nasi tukauacha hivyo hivyo. Mimi nilizifunika nyuzi kwa kiganja nisije nikapiga kwa mazoea. Kimebaki kiitikio, ambacho bado ni cha yule aliyeondoka. Tutakiandika upya Jumamosi. Tumeshampigia simu, naye amesema tusimtumie chochote kabla hakijawa kizuri.