Naomba ushauri: kifaa cha kubania springi za shokapu, ninunue kipi?

Wakuu, habari za wikiendi. Nina Toyota IST, shokapu za mbele zinavuja na gari linadunda hovyo kwenye matuta. Shokapu mpya ninazo, jeki na stendi ninazo, nataka kuzifunga mwenyewe nyumbani. Kinachonitatiza ni kubana springi.

Dukani Gerezani, Dar, nimeonyeshwa aina mbili. Moja ni vyuma viwili virefu vyenye nyuzi kama za bolti, kila kimoja kina ndoano juu na chini. Unavifunga pande mbili za springi vikitazamana. Bei nzuri, ila ndoano ni nyembamba na hazina pini ya kuzuia koili isichomoke. Nyingine ina taya pana zenye pini, lakini nene, na nina wasiwasi haitapenya kati ya koili za gari dogo. Mliowahi kuitumia, inapita?

Najua nati ya juu ya shokapu haiguswi mpaka springi imelegea kabisa kwenye vikalio vyake, yaani sahani zinazoishika juu na chini, na kwamba unakaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, nyuzi zikiwa na grisi. Je, nishike koili ngapi? Na kuna anayetumia mashine ya upepo badala ya spana? Mimi naona itaharibu nyuzi.

Fundi wa mtaani kwetu anasema yeye hufunga springi kwa waya tu. Hapana, springi ikifyatuka inavunja taya la mtu.

Au nishushe shokapu na springi yake nzima nipeleke gereji yenye mashine ya kubania, kisha nirudishie mwenyewe?